Sakafu ya Mama Rose-Alma

Tarehe 2 Novemba, Jumapili
Mama mkwe amehamia kwetu leo. Tulimwandalia chumba kilicho karibu na chetu, tukapaka rangi, tukaweka pazia jipya. Akakitazama kutoka mlangoni bila kuingia.
"Humu nitamsikia Régis akikoroma," alisema. "Nilimsikiliza baba yake miaka arobaini. Zamu yangu imekwisha."
Alitaka kile cha juu ya gereji. Ni chumba cha wageni wa kiangazi: dirisha kubwa linalotazama ziwa, choo chake, na ngazi fupi inayoshukia jikoni kwetu. Chini yake pikapu ya Régis hulala.
"Mama, gereji haina hita," Régis alimwambia. "Kufika Januari hiyo sakafu itakuwa barafu tupu."
"Mimi nimezaliwa nyumba ambayo maji yaliganda kwenye ndoo jikoni. Usinitishe kwa sakafu."
Basi amekipata. Ana miaka sabini na tisa, amekuja na masanduku mawili, mashine ya kushona na buti za marehemu mumewe. Régis alipanda na masanduku huku anapiga mluzi. Muda mrefu sijamsikia akipiga mluzi.

9 Novemba
Theluji. Hii haitayeyuka.

17 Novemba
Sakafu imeanza. Mama anavaa soksi za sufu jozi mbili na juu yake zile buti za marehemu, anatembea kama mwanajeshi. Hita ya ukutani inawaka mchana kutwa, na ukisimama unasikia kichwa kinatoka jasho huku miguu imekufa ganzi. Kibaya zaidi ni asubuhi, Régis anapoinua lango la gereji kuwasha gari kabla ya kwenda kiwandani. Upepo wa ziwani unaingia mle chini wote.
"Mumeo akifungua lile lango," aliniambia, "ni kama ananifungulia kaburi nichungulie."
Nilimwambia Régis. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

22 Novemba, Jumamosi
Régis amerudi na marobota ya sufi ya glasi ya kuzuia baridi, ile ya rangi ya waridi inayowasha ngozi. Amefanya kazi siku nzima juu ya ngazi, anasukuma vipande katikati ya boriti za sakafu, mimi nampa kimoja kimoja kutoka chini. Hakuweka mbao za kufunika. Amezuia sufi kwa nyaya tu, isidondoke.
"Mbao nitaweka kiangazi," alisema. "Cha muhimu sufi imeingia."
Jioni tulikula supu ya njegere huku tunajikuna shingo. Mama alipanda, akavua buti, akakanyaga, akazivaa tena.
"Afadhali," alisema. Halafu akaweka kiganja chini, pale ukuta unapokutana na sakafu. "Ila hapa bado kunapuliza."
"Ni mawazo yako, Mama," Régis alimwambia.
Na mimi nikasema hivyohivyo.

29 Novemba
Régis amepata njia nyingine ya kumsaidia mama yake. Asubuhi hainui lango lote siku hizi. Analiinua mpaka usawa wa goti, anawasha gari, anakuja kunywa kahawa hadi vioo vipate joto, ndipo analifungua lote na kuondoka. Baridi haiingii sana, na moshi unatokea kwa chini. Nimempongeza, ni wazo zuri. Mwanamume aliyenioa hakuwa mtu wa kufikiria miguu ya wengine.

3 Desemba
Mama hakushuka kunywa kahawa. Kichwa kinamuuma.

4 Desemba
Kichwa tena. Nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.

9 Desemba
Nilimkuta akimimina molasi kwenye supu. Nilipomzuia alinitazama kwa hasira, akaniita Yvonne. Yvonne alikuwa dada yake, amekufa siku nyingi. Kufika chakula cha jioni akawa yeye tena, anamkosoa padri kwa mahubiri marefu.

14 Desemba, Jumapili
Misa, kisha karata kwa majirani. Mama ametufunga sote. Alikumbuka kila karata iliyotoka, na kila kashfa ya parokia tangu ujana wake. Njiani kurudi nilimwambia Régis: mama yako akiwa na watazamaji, akili inarudi. Akiwa na mimi tu, inaondoka.
"Unamaanisha anaigiza?"
"Simaanishi kitu. Nasema ninachokiona."
Akaongeza mwendo, akamshika mkono mama yake aliyekuwa mbele yetu.

18 Desemba
Asubuhi nilimkuta amekaa katikati ya ngazi, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, ndoo tupu mapajani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Kukamua ng'ombe, alisema, na wenzake wamemwacha. Shamba waliliuza kabla sijaolewa.
Régis aliporudi nilimsimulia. Alichukua koleo akatoka kwenda kuondoa theluji. Hakukuwa na theluji mpya. Nilimwona dirishani akikwangua lami.

20 Desemba
Wifi yangu Murielle amepiga simu kutoka Montreal. Nimemwambia yote. Akasema tuanze kutafuta nyumba ya wazee, maana mimi nina kazi yangu ya posta na siwezi kumlinda mtu mchana kutwa. Sikusema mimi. Alisema yeye. Lakini nilifurahi kwamba kuna mtu amesema.

27 Desemba
Kiwanda kimefungwa kwa sikukuu, Régis analala hadi saa tatu. Murielle yuko hapa tangu juzi. Na Mama? Mama ni mzima kama mimi. Ameoka pai za nyama za Krismasi, ukingo umesukwa vizuri kama wa dukani. Ametia uzi sindanoni bila miwani. Jana usiku aliimba.
Murielle alinivuta pembeni, tukiwa tunaosha vyombo. "Wifi, Mama yuko sawa. Nadhani wewe ndiye umechoka."
"Subiri uondoke," nilimjibu.
"Ina maana gani hiyo?"
"Ina maana subiri uondoke."
Nimeandika hili nikiwa na hasira. Mwanamke yule anaweza kujizuia anapotaka. Binti yake akija anavaa akili kama mtu anavyovaa nguo ya misa. Mimi ananiachia matambara.

5 Januari
Kiwanda kimefunguliwa.

7 Januari
Kichwa. Ametapika kifungua kinywa.

8 Januari
Kichwa.

12 Januari
Aliomba koti la Régis ashone kitufe. Jioni Régis alipotaka kulivaa mikono haikupita. Mama alikuwa amezishona ncha za mikono zote mbili, mshono mdogomdogo, mzuri, wa mtu anayejua kushona. Régis alisimama pale ameingiza mikono yote, vidole vimekwama nchani, hawezi kuendelea wala kutoka. Mama alicheka kwanza. Halafu alipoona hatucheki akaanza kulia, akauliza nani ameharibu koti la mwanawe.

15 Januari
Kliniki, saa nane mchana. Daktari alimwambia achore saa ya ukutani. Alichora duara zuri na kuzirundika namba zote upande mmoja. Daktari alisema ni umri, mara nyingine unakuja polepole, mara nyingine unakuja mbio. Régis alitia sahihi maombi ya nyumba ya wazee. Nikamshika bega. Mama alitazama ukuta.

21 Januari
Nafasi imepatikana. Tutakwenda kuiona tarehe 28. Nyuzi thelathini chini ya sifuri, na redio inasema bado itashuka.

26 Januari
"Kwa nini mnanong'ona?" Mama aliuliza leo tukila. "Mkitaka kuniuza, niuzeni kwa sauti."
Kisha akaomba chumvi.

27 Januari
Ameanguka chooni asubuhi. Hakuvunjika. Leo nalala naye, kwenye kitanda cha kukunja, ili kesho nimwandae kwa safari. Régis amenishukuru mara mbili. Sakafu hapa ni baridi kuliko nilivyowahi kuamini. Nimevaa soksi jozi tatu na bado.

28 Januari
Naandika nikiwa kwenye korido ya hospitali. Nataka niandike kama ilivyokuwa, kabla sijaanza kuibadilisha kichwani.
Niliamka nikisikia pikapu inanguruma chini yangu. Kichwa kilikuwa kizito, nikadhani ni kile kitanda. Nje giza bado. Kipimajoto cha dirishani kilikuwa nyuzi thelathini na nne chini. Mama alikuwa ameamka, ameketi ukingoni mwa kitanda chake, anajaribu kuvaa glavu mguuni. Alikuwa mtulivu kabisa. Alikuwa anaisukuma kwenye vidole vya mguu, inakataa, anaanza upya.
"Mama, hiyo ni ya mkono."
"Najua," alisema, akaendelea.
Ile nyingine ilikuwa imedondoka karibu na ukuta. Niliinama kuiokota, na shavu langu likafika pale sakafu inapokutana na ukuta. Kulikuwa na upepo. Haukuwa upepo mdogo wa kubuni. Ulipuliza shavuni kama pumzi ya mtu, baridi, na ulinuka petroli na moshi.
Nilikaa pale nimeinama. Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga: kumbe alisema kweli, panapuliza. La pili lilikuja polepole sana, kama linapandishwa kwa kamba. Hewa ya gereji inaingia humu. Kila kilichomo gerejini kinaingia humu. Gari linawaka. Linawaka kila asubuhi ya kazi, na Jumapili haliwaki, na Krismasi halikuwaka.
Nilitaka kusimama, magoti yakakataa. Hapo ndipo nilipoogopa.
"Mama, tunatoka."
"Ng'ombe bado hawajaamka."
"Tunatoka hivyohivyo."
Nilimvisha blanketi, nikamshika kwapani. Mzigo wa mifupa mitupu, lakini mikono yangu haikuwa yangu. Nilimwita Régis. Redio ilikuwa inasoma hali ya hewa jikoni, hakusikia. Kwenye ngazi Mama alilegea kabisa. Nikaketi kwenye kidato cha juu, nikampakata kwa mbele, tukateremka kwa makalio kidato baada ya kidato, kama watoto wanavyocheza, kichwa chake kikigongana na kidevu changu.
Régis aligeuka, kikombe mkononi.
"Zima gari," nilimwambia.
"Ameanguka tena?"
"Zima gari, Régis. Moshi uko juu. Moshi wote uko juu kwake."
Alinitazama. Niliona jinsi lilivyomfikia. Hakuangusha kikombe, alikiweka juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, kama chombo cha mtu mwingine, halafu akakimbia. Nikasikia injini inazimika na lango linapanda lote hadi juu. Nilifungua madirisha ya jikoni na baridi ikaingia kama maji. Midomo ya Mama haikuwa na rangi. Nilimpulizia jina lake sikioni. Sijawahi kumwita kwa jina lake. Rose-Alma, Rose-Alma.
Watu wa gari la wagonjwa walimfunika uso kwa oksijeni na mimi pia. Mmoja, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alimbana kidole kwa kidude fulani, akasoma, akamwonyesha mwenzake.
"Kuna gari lilikuwa linawaka humu ndani?"
"Langu," Régis alisema. "Nawasha kila asubuhi. Lakini nafungua lango."
"Lote?"
"Hadi gotini."
"Kwa nini hufungui lote?"
Régis alimtazama mama yake chini ya oksijeni.
"Mama anasikia baridi," alisema.

29 Januari
Mimi wameniruhusu. Mama amelazwa na oksijeni. Daktari wa hapa, mwanamke, ametueleza kwamba hewa ya sumu inayotoka kwenye injini haina harufu wala rangi. Nilichonusa ni uchafu mwingine wa moshi uliosafiri nayo. Inakaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri. Kila siku kidogo, wiki nyingi: kichwa, kutapika, kuchanganyikiwa. Kwa mzee inafanana kabisa na uzee. Chumba cha Mama kilikuwa chumba chenye joto juu ya chumba baridi, na joto linapopanda linavuta hewa ya chini kupitia kila tundu. Sufi ya glasi haizuii hewa. Inaichuja tu.
King'ora cha hewa ya sumu tunacho. Kiko kwenye korido yetu ya kulala, upande wa pili wa nyumba.
"Akili yake itarudi?" nilimuuliza.
"Nyingi. Labda si yote."
Régis alikuwa ameshatoka kwenda kwenye korido.

1 Februari
Régis analala kwenye kochi. Pikapu ameiweka nje karibu na uzio, imezikwa na theluji. Anakwenda kiwandani kwa gari la mwenzake. Hospitali anakwenda, lakini anasimama kwenye korido. Muuguzi ameniuliza kama yule bwana anamsubiri mtu.

6 Februari
Mama anakaa. Anakula. Leo wamempa karatasi tena, achore saa. Amenionyesha. Namba zote zimekaa mahali pake.
"Nimeichora saa nne kasoro dakika tano," alisema, "ili waone sikuikariri."
Nilicheka, na kicheko kikageuka njiani. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza, bila ukali:
"Mlikuwa mnanipeleka nyumba ya wazee."
"Ndiyo, Mama."
"Ungekuja kunitembelea?"
"Kila Jumapili."
"Muongo. Ungekuja Jumapili mbili, ya tatu ungesema barabara ina barafu."
Sikubisha. Nilimwambia jambo ambalo sikupanga kumwambia, kwamba nilidhani anaigiza, kwamba ananichagulia mimi ubaya wake. 
"Na mimi nilidhani unanitia kitu kwenye kahawa," alisema. "Kwa sababu nikinywa kwa majirani sikuumwa."
Tulitazamana. Miezi miwili tumeishi nyumba moja tukishukiana, na wote wawili tulikuwa tumeona kitu cha kweli.

8 Februari, Jumapili
Murielle amekuja. Kikao kimefanyika kando ya kitanda, na Régis kwa mara ya kwanza ameingia, akasimama karibu na mlango.
"Mama harudi tena juu ya ile gereji," Murielle alisema. "Atakuja kwangu, au aende pale mlipompatia nafasi. Nafasi bado ipo. Wanataka jibu."
"Aende huko," Régis alisema. Sauti ilikuwa kavu. "Huko angalau mimi sipo."
"Nani ameniuliza?" Mama alisema.
Murielle alikaa.
"Nauliza tu. Nimelala hapa nasikia mnanigawana kama meza ya urithi. Kwako, Murielle, ni ghorofa ya tisa na ukuta wa jirani dirishani. Kule kwa wazee kuna harufu ya kabichi, nilimzika Yvonne kutoka mle. Mimi nataka ziwa langu." Akamgeukia Régis. "Ile sakafu inaweza kuzibwa, isipite hata pumzi?"
Régis alitazama viatu vyake. Nje ya kiwanda amekuwa fundi kwa miaka thelathini, amejenga nusu ya nyumba za kijiji, na alishindwa kujibu swali la ufundi.
"Inaweza," nilisema mimi.
"Wewe unajua nini habari za sakafu?" Murielle aliniuliza.
"Sijui. Nitajua."
Mama atakaa kwa Murielle hadi kazi iishe. Hadi mwisho wa Machi, amesema Murielle, akiwa na uso wa mtu anayeamini haitaisha.

11 Februari
Nimesoma, nimepiga simu, nimemsumbua kila mtu mwenye duka la vifaa. Kumbe tulianzia mwisho. Kwanza unaziba hewa, ndipo unazuia baridi.

14 Februari, Jumamosi
Nimeingia gerejini asubuhi peke yangu na glavu na miwani, nikaanza kung'oa sufi. Nilijua Régis yuko dirishani. Baada ya muda alikuja, akachukua ngazi ya pili bila kusema.
Kila kipande kilipotoka tuliona. Sufi ya waridi, lakini kando ya ukuta, na pale bomba la choo linapopenya, na pale waya zinapopanda, imekuwa nyeusi. Michirizi myeusi, inayoonyesha njia yote ambayo hewa ilipita kwenda kwa Mama. Na juu ya sufi, kati yake na mbao za sakafu, kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono: sufi ilikuwa imelegea, haigusi kitu, hewa baridi inatembea mle itakavyo.
Régis alishika kipande kimoja cheusi, akashuka, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Alikaa nacho mapajani.
"Angelalamika tu," alisema. "Kila siku angelalamika juu ya baridi, ningezoea, nisingeteremsha lile lango. Lakini alilalamika mara moja tu. Ndiyo maana nilimsikia."
Nilishuka ngazi, nikasimama mbele yake.
"Nilikupongeza," nilimwambia. "Kwa lile lango la usawa wa goti. Tulikuwa wawili."
"Mimi ndiye fundi."
"Ndiyo. Kwa hiyo inuka, maana mimi siye."
Haikuwa kauli ya kumfariji. Lakini aliinuka.

21 Februari
Kuziba. Povu la kopo kuzunguka kila bomba na kila waya. Linatoka laini, linavimba, linakuwa gumu kama mkate wa juzi. Kwenye ncha za boriti, pale zinapokalia ukuta, tumekata vipande vya bodi ya povu na kuvizungushia gundi. Nywele zangu zimeshika povu. Régis amezikata kwa mkasi wa bati, akatabasamu kidogo.

22 Februari
Bado ncha za boriti.

28 Februari
Sufi mpya, nene zaidi, imesukumwa hadi iguse mbao za sakafu juu, kila pembe. Régis hataki kuacha hata upana wa kidole. Amekitoa kipande kimoja na kukirudisha mara nne. Nimemwacha.

7 Machi
Bodi za jasi kufunika dari yote ya gereji, tabaka mbili. Fernand, jirani, amekuja kutusaidia kuzishikilia kwa kichwa chake kikubwa. Alitaka kutoa mzaha juu ya jambo lile, nikamkanyaga mguu.

14 Machi
Maungio yamepakwa na kulainishwa. Mlango wa kutoka gerejini kuja jikoni umewekewa mpira pande zote na springi ya kuufunga wenyewe. Ving'ora viwili vipya: kimoja kichwani pa kitanda cha Mama, kimoja juu ya ngazi.
Kisha jaribio. Niliwasha hita juu hadi chumba kikawa kama tanuri, nikawasha kijiti cha ubani, nikatembea nacho kwa magoti kando ya ukuta wote. Penye tundu moshi unayumba. Ulisimama wima, wima, wima, halafu kwenye kona nyuma ya hita ukalala upande. Nikapiga sakafu kwa ngumi. Régis alikata bodi, akaziba, akafunika. Tena ukayumba, kidogo, pale pale. Akakata tena. Alikuwa na vumbi la jasi uso mzima, macho mekundu. Mara ya tatu kijiti kilisimama hadi kikaniunguza vidole.
Nilimwita aje aone. Alikuja hadi kizingiti. Hakuingia.
"Naona kutoka hapa," alisema.

21 Machi, Jumamosi
Mama amerudi. Amepungua. Akiongea, neno moja kati ya mengi halimjii, anafumba macho kulingoja, na lisipokuja anasema "kile kitu" kwa hasira. Kufuma anafuma, lakini hawezi kuhesabu vitanzi. Akifika katikati ya mstari anasahau alipo. Daktari anasema hayo huenda yakabaki. Murielle alinikabidhi dawa zake na kunibusu mashavu yote mawili, kwa nguvu kuliko kawaida.
Juu, Mama aliketi kitandani, akavua viatu, akavua soksi. Miguu yake ni midogo, myeupe, yenye mishipa ya bluu. Akaiweka chini. Akatembea hadi dirishani na kurudi, peku. Nje ziwa jeupe lote.
"Régis," aliita. "Njoo."
Alikuja hadi kizingiti.
"Ingia."
"Viatu vina theluji, Mama."
"Vivue."
Akavivua. Aliingia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mwanamume wa miaka hamsini na sita.
"Unanikimbia tangu Januari," Mama alisema. "Kwa Murielle hukuja hata mara moja. Hospitali ulisimama kwenye korido kama, kama, kile kitu cha kutundikia makoti."
"Nisamehe, Mama."
"Nikusamehe nini?"
Akatazama sakafu chini ya miguu yake.
"Ulitaka nipate joto," alisema Mama. "Siwezi kukusamehe kwa hilo, sijui hata ningeanzia wapi. Ulikosea, ndiyo. Nimepoteza maneno yangu, na yalikuwa mazuri, nitayalilia mwenyewe nikiwa peke yangu. Lakini usinifanye nimpoteze na mwanangu juu yake. Hilo ndilo nitakalokukasirikia. Umesikia?"
"Nimesikia."
"Huyu mkeo aliyesema naigiza, huyo ndiye bado nafikiria kama nimsamehe."
Alisema bila kunitazama. Régis alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko. Kisha akaketi pale pale sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mama yake. Mama akamwekea mkono kichwani, kwenye nywele zenye vumbi la jasi hadi leo, na wakakaa. Mimi nilishuka kupika.
Supu ilipokuwa tayari nilipanda kuwaita. Régis alikuwa amelala usingizi sakafuni, ubavu, amekunja mikono chini ya shavu. Mama alinionyesha kwa kidole nisiongee.
"Anakoroma," alininong'oneza. "Kama baba yake."

5 Aprili, Pasaka
Nyuzi mbili juu ya sifuri. Misa ndefu. Mama amemkosoa padri, neno la kumkosolea likamkwama, padri mwenyewe akamsaidia kulipata.

12 Aprili
Barafu ya ziwa imegeuka kijivu. Pikapu bado inalala nje, na nadhani italala nje daima. Régis ameweka benchi la useremala gerejini.

18 Aprili
Kuna jambo hatukulifikiria. Sakafu iliyozibwa haipitishi hewa, haipitishi baridi, na haipitishi sauti. Zamani nikiwa jikoni nilijua Mama ameamka, anakwenda chooni, ameangusha mkasi. Sasa hakuna. Juu panaweza kuwa na mtu mzima, mgonjwa au maiti, na chini hutajua.
Leo asubuhi nilisimama chini ya ngazi na funguo za posta mkononi, nikasikiliza, sikusikia kitu. Nikapanda. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani, ufumaji mapajani, amekwama katikati ya mstari.
"Umekuja kuona kama nimekufa?" alisema.
"Ndiyo."
"Bado. Kaa basi, unihesabie."
Nikavua koti, nikakaa, nikaanza kuhesabu vitanzi kwa sauti, naye akifuma. Posta ilifunguliwa kwa kuchelewa.